Jinsi ya kuchagua tairi zenye hazipigi kelele kwa gari ya familia ya kitambo, kwa bei yenye utaweza

Kila wiki kuna mtu ananiletea Premio ama Wingroad ama Noah ya kitambo ananiambia fundi, hii gari ikifika 80 inavuma mpaka watoto huko nyuma hawanisikii, nifungie tairi yoyote mpya ya bei ya chini niende. Na kila wiki namwambia ngoja kwanza. Mimi nafunga tairi na kufanya alainmenti hapa Ngara, mwaka wa kumi na sita huu, na nimeona watu wengi sana wakilipia tairi nne mpya alafu miezi minne haijaisha wamerudi na mvumo uleule, juu kile kilichokuwa kinakula zile za zamani bado kiko hapo chini ya gari kinakula hizi mpya. Kwa hivyo tutaanzia chini ya gari, dukani tutafika baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tairi ndio inavuma

Zima redio, funga madirisha, tafuta kipande cha barabara unachokijua. Mimi napenda Southern Bypass Jumapili asubuhi kabla magari hayajajaa. Shika 80, usiongeze usipunguze, na usikize. Tairi hubadilisha sauti lami ikibadilika, ukitoka kwa lami laini ukaingia ile ya kokoto mvumo unakuwa mzito, ukirudi kwa laini unashuka. Beringi, kile chuma cha katikati kinachofanya gurudumu lizunguke, haijali lami, yenyewe inavuma tu. Sasa pindisha stiaringi kidogo kama mtu anabadilisha leni, kushoto, alafu kulia. Ukipinda kushoto uzito wa gari unalalia upande wa kulia, kwa hivyo kama beringi ya kulia imeisha italia zaidi hapo, na ukipinda kulia inapungua ama inanyamaza kabisa. Na kama sauti inapanda na kushuka kila ukikanyaga na kuachilia mafuta, hiyo tafuta kwa injini na gia, usiguse tairi.

Kama bado uko na shaka, badilisha za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele alafu urudie barabara ileile. Mvumo ukihama na tairi, umepata jibu. Mwaka jana kuna mama mwalimu alikuja na Fielder, ilikuwa imeshabadilishwa beringi mbili za mbele mahali pengine na bado inavuma. Nikahamisha tairi tu, tukaenda mpaka Pangani tukarudi, na kelele iliyokuwa inatoka nyuma ikawa inatoka chini ya miguu yake. Akaniuliza, "Fundi, kwa hivyo zile beringi zilikuwa nzima?" Nikamwambia zilikuwa nzima, mama. Alinyamaza kitambo. Hiyo ilikuwa pesa ya karo, na mpaka leo huniuma, kwa sababu ni kitu cha nusu saa na jeki.

Hatua ya 2: Soma tairi za zamani kwa mkono kabla uzitoe

Hii ndio hatua watu wanaruka, na kwangu ndio ya maana kuliko zote. Pitisha kiganja juu ya thredi, yale meno, kutoka nje kuja ndani, alafu kutoka ndani kwenda nje. Polepole, kuna tairi zina waya zimetokeza. Ukisikia upande mmoja ni laini na ukirudi inakwaruza kama msumeno, alainmenti imetoka, gurudumu halitembei likiangalia mbele sawasawa, linaburutwa kidogo kila mita. Ukipata mabonde na vilima kuzunguka tairi, kama mtu alichota na kijiko hapa na pale, hiyo ni shokabsoba imechoka ama bushi zimekufa, tairi inarukaruka badala ya kukaa chini. Zote mbili zinavuma kama ndege, na zote mbili zitafanya tairi mpya ivume vilevile, hata ukinunua ya bei gani.

Ikiwa imeisha mabega yote mawili, umekuwa ukiendesha na upepo kidogo. Ikiwa imeisha katikati, upepo umekuwa mwingi.

Gari ya miaka kumi na kitu ambayo imepigwa na mashimo na matuta ya Nairobi lazima iko na kitu imelegea, bushi, boljointi, ama tai rodi. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu na uachilie: ikipanda ikatulia, sawa, ikicheza mara tatu nne, shokabsoba imeenda. Kama pesa haitoshi yote, ni afadhali utengeneze hizi na ununue tairi mbili badala ya kununua nne na kuacha chini ikiwa mbovu. Najua mteja hapendi kusikia hivyo, alikuja kuona tairi mpya zinang'aa, lakini nitamwambia tu.

Hatua ya 3: Saizi, usiongeze upana

Fungua mlango wa dereva, kuna stika kwa nguzo. Tuchukue 195/65R15 91H, saizi yenye utaipata kwa magari mengi ya familia. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, hapa ni kama milimita 127. R ni radial, jinsi nyuzi za ndani zimepangwa, na 15 ni rimu kwa inchi. 91 ni uzito, kila tairi inabeba kilo 615. H ni spidi mpaka 210, T ni 190, na kwa barabara zetu zote mbili zinatosha kabisa.

Watu wanakuja wanataka 205 ama 215 ndio gari ikae vizuri. Elewa tu ukienda pana, raba nyingi inagusa lami na kelele inaongezeka. Na ukienda rimu kubwa na ubavu mfupi unapoteza ule mto wa hewa uliokuwa unameza mashimo, alafu kila mtetemo unaingia ndani.

Kitu ingine ni zile tairi zenye herufi C baada ya saizi, watu wanaziitisha kama plai nane. Ni za vani za mizigo. Mtu anaambiwa ni ngumu, haitapata pancha, anafunga kwa Noah ya kubeba watoto shule, na sasa gari inadunda na kuvuma. Kama kila Desemba unaenda nyumbani ukiwa watu saba na magunia, angalia tu hiyo namba ya uzito isiwe chini ya ile ya stika, na uongeze upepo vile stika inasema kwa mzigo. Ukikuta imeandikwa XL inabeba zaidi, 95 ni kilo 690, lakini ubavu wake mara nyingi ni mgumu zaidi na utausikia.

Hatua ya 4: Angalia sura ya thredi

Kelele ya tairi inatoka wapi? Kila jino likigonga lami linapiga, na hewa iliyonaswa kwa mifereji inabanwa alafu inatoroka kwa nguvu. Meno yakiwa makubwa yamesimama kivyake, na mifereji mipana inakata mpaka bega la nje, hiyo hewa inapiga mluzi. Ndio maana zile za A/T, za lami na nje ya lami, zinalia kwa lami. Ya kutulia iko na mifereji mitatu minne inazunguka tairi yote, mbavu za katikati zimeungana, na mikato ya pembeni ni myembamba. Chungulia pia kama meno yote ni saizi moja. Watengenezaji wazuri wanachanganya, kubwa, ndogo, ya wastani, kwa sababu meno yote yakiwa sawa yanapiga noti moja na hiyo noti ndio inakuwa mvumo.

Usishike tu jina la kampuni, kampuni moja inatengeneza tairi za kazi tofauti. Bridgestone wako na Turanza ya starehe na Potenza ya spidi, na Michelin wako na Primacy ya starehe. Tairi za Uchina pia ziko zenye thredi tulivu na ziko zenye kelele kwa jina lilelile, kwa hivyo muulize muuzaji akutolee pateni zote, yaani sura za thredi, ziko na saizi yako uzione.

Zingine zinakuja na stika ya Ulaya, iko na alama ya kelele na namba ya desibeli, na herufi A, B ama C. A ndio tulivu. Hiyo namba inapimwa kando ya barabara, gari ikipita 80 injini imezimwa, kwa hivyo ni kelele ya nje, ya ndani ya gari yako inaweza kuwa tofauti, lakini kati ya tairi mbili za bei moja mimi nachukua yenye desibeli chini. Tofauti ya 3 usiione ndogo, ni nguvu ya sauti mara mbili. Hiyo stika pia iko na herufi ya breki kwa maji, A mpaka E. Tafadhali iangalie. Utulivu haukusaidii kitu mvua ya Aprili ikikukuta Waiyaki Way na gari haisimami.

Hatua ya 5: Tarehe, na hadithi ya mitumba

Tafuta neno DOT ubavuni, na mwisho wake kuna tarakimu nne. 2324 ni wiki ya 23 mwaka wa 2024. Wakati mwingine ziko upande mmoja tu, geuza. Kiwanda cha Sameer Africa kilichokuwa kinatengeneza Yana hapa Nairobi kilifungwa 2016, na sai tairi za gari ndogo zinatoka nje, zinakaa kwa meli, zinakaa stoo, na zingine zinakaa kwa jua mbele ya duka. Raba ikizeeka inakuwa ngumu, na raba ngumu inapiga kelele na inateleza kwa maji hata kama meno yamejaa. Mpya, mimi sichukui yenye imepita miaka miwili. Finya na ukucha, inafaa iingie kidogo.

Mitumba kutoka Japan, siwezi sema usinunue kamwe, najua hali ilivyo. Lakini kuna mitego mitatu. Ya kwanza, tairi za theluji: zimeandikwa STUDLESS, ama ziko na alama ya mlima na chembe ya theluji, na meno yamejaa michirizi myembamba kama ya wembe. Mwanzoni ziko kimya sana kwa sababu ni laini, na hapo ndio mtu anadanganyika, maana kwa joto letu zinaisha haraka na breki zake si nzuri. Ya pili, tairi imechongwa. Mtu anachukua kipara anakata mifereji upya na kisu cha moto. Ndani ya mfereji kuna vile vituta vidogo vya milimita 1.6 vya kuonyesha tairi imeisha, ukikuta havipo ama vimekatwa katikati, weka chini na uondoke. Usikubali bei yoyote, hiyo inapasuka na familia ndani. Ya tatu ni umri, yenye imepita miaka sita wacha.

Hatua ya 6: Hesabu kwa kilomita

Tuseme moja ni shilingi 8,000 na inakupeleka kilomita 30,000, ingine ni 12,000 na inafika 55,000. Ya kwanza ni kama senti 27 kwa kilomita, ya pili senti 22. Ile ya bei ya chini imekuwa ghali. Ubavuni angalia TREADWEAR: 400 inatarajiwa kudumu kuliko 200, lakini kila kampuni inajipimia, kwa hivyo linganisha zaidi ndani ya kampuni moja. Kama hesabu inafika mbili tu, nunua mbili nzuri za kufanana.

Hatua ya 7: Kufunga

Mbili mpya zinaenda nyuma. Najua mafundi wengi wanaweka mbele kwa sababu ndio inapiga stiaringi, lakini nyuma ikiteleza kwa maji gari inazunguka na huwezi irudisha, mbele ikiteleza angalau unaachilia mafuta inashika tena. Nimebishana juu ya hii mara nyingi na sitaacha.

Itisha valvu mpya na kubalansi kila gurudumu. Kama ubavu umeandikwa OUTSIDE, hilo neno likae nje. Kama kuna mshale, uelekee mbele. Nati zifungwe kwa msalaba na zimaliziwe kwa mkono, Toyota ndogo nyingi ni 103 Nm, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza, si kupigwa na mashine mpaka ilie. Alafu alainmenti siku hiyohiyo, na uitishe karatasi ya vipimo.

Upepo uwe wa stika, tairi ikiwa baridi. Za Japan zinaandika kPa, 220 ni kama 32 za PSI, 230 ni kama 33. Ukisema tu jaza utawekewa 35 ama 40 na gari itakuwa ngumu na kelele. Ukiambiwa ulipie naitrojeni badala ya hewa, haipunguzi mvumo, hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Kilomita 300 za kwanza enda pole, kuna mafuta ya kiwandani juu ya raba. Baada ya kama 100 rudi nati zikazwe tena, kwangu hiyo ni bure na sehemu nyingi pia. Kila 8,000 mpaka 10,000 hamisha mbele na nyuma, hata kama hausikii chochote, kwa sababu ukianza kusikia, meno yameshakatika na hayarudi. Andika kilomita za leo kwa karatasi, uibandike ndani ya mlango kando ya ile stika ya upepo.