Somo: Kugeuza sampo reti ya rekodi bila kuua sauti

Asalaam aleikum wadau. Somo hili ni la wale wanaoleta kazi kila baada ya maulidi na harusi hapa Tanga: kamera imenasa kwa sampo reti ya 48,000, mwenye shughuli anataka CD, na CD ya muziki haikubali namba nyingine ila 44,100. Wengine wana kanda za taarabu za wazee zilizoingizwa kwenye kompyuta kwa 96,000 na sasa wanataka nakala ya kupeleka redioni. Hapo katikati ndipo sauti nyingi zinapoharibikia, kisha lawama zinamwendea mpiga fidla.

Sampo reti ni idadi ya vipimo vya wimbi la sauti vinavyochukuliwa kila sekunde. Faili hubeba masafa (mitetemo ya sauti kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi) yasiyofika nusu ya namba hiyo, kwa hiyo 44,100 inaishia chini kidogo ya hezi 22,050. Sikio zima la kijana linafika kwenye 20,000 hivi. Sisi tuliozeekea mbele ya spika za harusi hatufiki huko.

Kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya, na ukiyatenganisha nusu ya somo umeshaipata. La kwanza ni kubadili namba tu: unaiambia programu kwamba faili ya 44,100 ni ya 48,000. Vipimo ni vilevile, vinasomwa haraka zaidi. Dakika moja inakwisha kwa sekunde 55 na sauti inapanda karibu nusutoni moja na nusu. Ndiyo ile kaseti kwenye deki inayokimbia. La pili ndilo kugeuza kwenyewe: programu inakokotoa vipimo vipya, muda unabaki uleule na sauti haipandi wala haishuki.

Hatua ya 1. Jua ulichonacho. Usiamini jina la faili. Mimi natumia SoX, programu ya sauti unayoiandikia amri; ni ya bure na haihitaji laptopu ya maana:

sox --i asili.wav

Itakuonyesha sampo reti, biti (ukubwa wa namba inayoandika kila kipimo) na muda. Andika muda huo pembeni, utauhitaji mwishoni. Kama sauti imo ndani ya video, itoe kwanza kwa ffmpeg, programu nyingine ya kuandikiwa amri:

ffmpeg -i shughuli.mp4 -vn -c:a pcm_s24le asili.wav

Hatua ya 2. Amua inakokwenda. CD ni 44,100 na biti 16. Video ni 48,000. Kama kazi inaishia kwenye video na imenaswa kwa 48,000, funga somo hili ukanywe kahawa, huna cha kugeuza.

Hatua ya 3. Geuza, mara moja tu, kutoka kwenye faili ya asili, baada ya kumaliza kukata na kusafisha:

sox asili.wav -b 16 cd.wav gain -1 rate -v 44100 dither -s

Tuisome amri hiyo taratibu. "gain -1" inashusha sauti desibeli moja kabla ya kugeuza. Vilele vya vipimo vipya vinaweza kupita vilele vya zamani, na faili iliyojazwa hadi juu itakatwa vichwa. SoX ikikuandikia neno "clipped", rudi uweke -2 au -3. "rate -v" ni ugeuzaji wa ubora wa juu. "dither -s" inaongeza kelele hafifu mno ya makusudi pale unaposhuka kutoka biti 24 kwenda 16, ili miishio laini ya sauti isikwaruze.

Sasa kwa nini tusitupe tu vipimo vilivyozidi? Uwiano wa 48,000 kwa 44,100 ni 160 kwa 147. Vipimo vipya vinaangukia katikati ya vile vya zamani, kwa hiyo kila kimoja lazima kikokotolewe kutoka kwa majirani zake wengi. Halafu masafa yanayozidi nusu ya reti mpya lazima yachujwe kwanza. Yasipochujwa hayapotei, yanakunjika na kurudi chini. Mlio wa hezi 10,000 ukiushusha kwenye 16,000 bila chujio unarudi kama mlio wa 6,000 ambao hakuna aliyeupiga. Sikiliza matari yenye vibati yaliyogeuzwa na programu mbovu ya simu: kila tari linapotikiswa kuna mchakacho wa bati nyuma yake usioendana na noti yoyote.

Wanaotumia Audacity, programu ya kuhariri sauti kwa menyu: nendeni "Tracks" kisha "Resample". Ile "Rate" iliyo kwenye menyu ya traki yenyewe ndiyo ile ya kubadili namba tu. Usiiguse.

Hatua ya 4. Pima. Linganisha muda na ule ulioandika. Na kama huiamini programu yako, tengeneza mlio unaopanda:

sox -r 96000 -n -b 24 mtihani.wav synth 20 sine 20:40000 gain -6

Ugeuze kwenda 44,100 kwa programu unayoishuku, kisha chora picha ya masafa:

sox tokeo.wav -n spectrogram -o picha.png

Programu nzuri inatoa mstari mmoja unaopanda hadi karibu na 22,000 kisha unatoweka. Mbovu, mstari unafika juu, unagonga dari na kuanza kushuka. Picha hiyo inamaliza ubishi wote wa vijiweni kuhusu programu ipi ni kali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Chumbageni: Shikamoo fundi. Kanda za marehemu babu nimeziingiza kwa 44,100. Nikizipandisha hadi 96,000 zitang'aa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hazitang'aa. Utapata faili kubwa yenye sauti ileile. Kama kanda bado zipo na hazijaota ukungu, ziingize upya. IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inataka isipungue 48,000 na biti 24. Saa moja ya stereo kwa kiwango hicho ni kama gigabaiti moja, kwa 96,000 ni mbili. Faili hiyo ihifadhi kama ilivyo, nakala ndizo uzigeuze.

Dada wa Pangani: Kaka, sauti nilinasa kwa rekoda pembeni na picha kwa kamera. Mwanzo midomo inaendana, baada ya saa moja imepishana. Vyote vinasema 48,000. Nigeuze kwenda wapi?

Jibu: Usigeuze dada. Saa ya ndani ya rekoda na ya kamera hazilingani hasa. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni moja inaleta sekunde 0.18 kwa saa, na kwa video ya picha 25 kwa sekunde hizo ni picha nne na zaidi. Nyoosha au finya sauti kidogo kwa programu ya kuhariri, au ikate kila baada ya kaswida na uipange upya. Ingekuwa tatizo la reti, ungeona mpishano tangu sekunde za mwanzo.

Mdau wa Mkinga: Tunakusanya hadithi za wazee kwa Kidigo, wanaopokea wanataka 16,000 mono. Tunase moja kwa moja hivyo?

Jibu: Naseni kwa 48,000, mpeleke nakala ya 16,000. Kwa maneno ya kusemwa 16,000 inatosha, ila usishuke kwenye 8,000 ya simu: pale mwisho ni hezi 4,000, na "s" na "f" zinaanza kufanana. Kushuka kwenye mono: sox asili.wav -b 16 nakala.wav gain -1 remix - rate -v 16000

Ustadh wa Ngamiani: Mashairi nimetumiwa kwa WhatsApp. Je, nikiyageuza 44,100 yatafaa CD?

Jibu: Yataingia kwenye CD, ustadh, ila kilichobanwa njiani hakirudi. Kama mtumaji anayo faili yenyewe, mwombe aitume kama dokumenti, asiitume kama sauti. Sauti aliyoirekodi kwa kubonyeza kile kitufe cha maikrofoni hukohuko WhatsApp, hiyo ndiyo hiyo, igeuze hivyohivyo.