Somo: Sakafu ya sanaa inayoitikia hatua, na jinsi ya kupima vifaa vyake

Picha ya ukutani hutazamwa tu. Sakafu itakanyagwa, itaburuziwa ndala, na watoto watairukia. Kwa hiyo kabla ya kuwaza rangi, tengeneza kipande kimoja cha majaribio: ukikikanyaga, taa inawaka.

1. Tabaka la chini. Kata plaiwudi sentimita 40 kwa 40, ubandike foili ya jikoni. Acha ukingo mtupu pembeni.

2. Tabaka la kati. Kazi yote iko hapa. Weka sponji ya milimita 5 yenye matundu. Sponji inazitenganisha foili mbili. Mguu ukikandamiza, ya juu inazama kwenye tundu na kugusa ya chini. Tundu likiwa dogo, hazigusani. Likiwa kubwa mno, foili ya juu inalegea na taa inawaka bila mtu. Anza na matundu ya sentimita 4, kisha linganisha sponji ya godoro na mpira wa ndala. Mpira unadumu ila ni mgumu. Sponji ni nyepesi kuitikia, lakini ikilaliwa na uzito muda mrefu inabonyea moja kwa moja.

3. Tabaka la juu. Bandika foili kwenye nailoni ya kufunikia meza, foili itazame chini kwenye sponji. Kadibodi ngumu haifai, haipindi.

4. Umeme. Betri 3 za voliti 1.5, rezista (kifaa cha kupunguza umeme) ya omu 220 na taa ndogo nyekundu ya LED, vyote kwa mstari mmoja. Waya wa mwanzo wa mstari uguse foili ya chini, wa mwisho uguse ya juu; foili hizo ndizo swichi. Mguu mrefu wa taa uelekee chanya. Umeme wa ukutani usiuhusishe kabisa.

5. Funika kwa mkeka wa ukili. Mimi nautetea mkeka kuliko zulia: watu wakiuona wanavua viatu bila kuambiwa, na unyayo mtupu unaihisi kazi yako.

Maswali ya wanachama

Mkuu, mwanangu akikanyaga taa haiwaki, mimi nikikanyaga inawaka.
Panua matundu kidogo kidogo, au tumia sponji laini zaidi. Mpime yeye kwanza, si wewe.

Taa yangu inawaka leo, kesho haiwaki. Betri ni mpya.
Kagua foili pale inapozama kwenye matundu. Ikikunjwa mara nyingi hupasuka, na mpasuko mwembamba unakata njia ya umeme. Kwa maonyesho ya siku nyingi tafuta utepe wa shaba.

Naomba ushauri dada, nataka kumwaga vigae vya vyungu watu watembee juu yake, napenda mlio wake.
Mlio ni mzuri kweli, ila fikiria vumbi. Mwaka 2010 msanii wa China, Ai Weiwei, alitandaza mbegu za alizeti za udongo wa kauri zaidi ya milioni 100 ndani ya jumba la sanaa la Tate Modern, London. Siku chache baada ya kufunguliwa, watu walizuiwa kuzikanyaga kwa sababu ya vumbi lake. Jaribu vifuu vya nazi vilivyosuguliwa kingo. Navyo vina mlio.