Kabla ya kulipia bima ya nyumba, tafuta neno "mafuriko"

Kwa wenye nyumba nchini Uganda, iwe Bwaise, Kasese au kandokando ya Ziwa Victoria: kabla hujalipia mwaka mwingine, fungua mkataba kwenye ukurasa wa nyongeza uone kama mafuriko yametajwa. Bima ya moto ya kawaida hulipa moto na radi. Mafuriko na dhoruba huongezwa kwa ada ya ziada. Yasipoandikwa, hayapo, hata kama wakala alikuapia. Omba yaongezwe na upewe jibu kwa maandishi.

Ukiyakuta kwenye mkataba, angalia kiasi cha hasara utakachobeba mwenyewe, maana mvua zinavyozidi ukali, kampuni inaweza kukipandisha bila kugusa ada, na wengi hawasomi huko chini. Angalia pia kinavyohesabiwa: asilimia 5 ya hasara si sawa na asilimia 5 ya thamani ya nyumba. Kwa nyumba ya shilingi milioni 200, hiyo ya pili ni milioni 10. Maji yakiharibu vitu vya milioni 12, unalipwa milioni 2 tu.

Fanya hivi wakati wa kiangazi, si mtaro ukishafurika. Bima hii haitasaidia maji yakipanda polepole, kama ziwa lilivyopanda mwaka 2020, kwani bima kwa kawaida hulipa tukio la ghafla. Na kama nyumba iko ndani ya mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, hilo ni eneo la hifadhi kisheria; usishangae ukikataliwa.