Namna ya Kuipima Timu ya Besiboli kwa Msimu Uliofupishwa na Korona

Anayefungua jedwali la ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, la mwaka 2020 hukutana na namba zinazopotosha papo hapo. Los Angeles Dodgers, mabingwa wa mwaka ule, wameandikiwa ushindi 43 tu, ilhali timu inayoshinda mechi 43 katika mwaka wa kawaida huwa kichekesho cha ligi nzima. Kila timu ilipangiwa mechi 60 badala ya 162: maandalizi yalisimamishwa tarehe 12 Machi, msimu ukaanza tarehe 23 Julai katika viwanja visivyo na watazamaji, na ukakamilika tarehe 27 Septemba. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuzichambua namba hizo ili kujibu swali moja: je, timu fulani ilikuwa bora kweli, au ilibebwa na ufupi wa msimu?

Msomaji aliyezoea kandanda aanze kwa kuiondoa picha aliyonayo kichwani. Mwaka ule Gor Mahia ilitangazwa bingwa wa Kenya mwezi Aprili wakati mechi zilikuwa bado zimebaki, na Tanzania ligi ilirejea mwezi Juni, Simba ikatwaa ubingwa. Ligi hizo zilikuwa zimeshachezwa kwa miezi mingi kabla ya ugonjwa kuingia. Besiboli ilikatwa mwanzo, si mwisho, kwa hiyo hakuna mechi za awali za kutegemea. Mechi 60 ndizo ushahidi wote.

Hesabu ya kwanza ni ya uwiano. Gawanya ushindi 43 kwa mechi 60, upate 0.717, zidisha kwa 162, upate ushindi 116, ambao ni sawa na rekodi ya ligi iliyowekwa na Chicago Cubs mwaka 1906 na kufikiwa na Seattle Mariners mwaka 2001. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu mechi 60 huipa bahati nafasi kubwa zaidi. Chukua timu ya wastani kabisa, ambayo kila mechi kwake ni sawa na kurusha sarafu. Katika mechi 60, timu hiyo itapata kati ya ushindi 26 na 34 takriban mara tatu kati ya nne, yaani asilimia 43 hadi 57 ya mechi zake. Katika mechi 162, kwa uwezekano uleule, itakuwa kati ya ushindi 74 na 88, ambao ni asilimia 46 hadi 54. Washington Nationals walikuwa wameshinda mechi 27 na kupoteza 33 baada ya mechi 60 za mwaka 2019. Mwaka huohuo ndio walioishia kuwa mabingwa. Kwa hiyo timu iliyo ndani ya 26 na 34 mwaka 2020 usiisifu wala usiilaumu kwa jedwali peke yake. Dodgers wako mbali juu ya eneo hilo.

Hesabu ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi, nayo ni ya mikimbio, yaani pointi ambazo timu hupata kila mchezaji wake anapozunguka besi zote na kurudi nyumbani. Ushindi wa mkimbio mmoja huweza kuletwa na mpira uliodunda vibaya, lakini mikimbio ya msimu mzima haidanganyi kirahisi. Chukua mikimbio iliyofungwa uizidishe kwa yenyewe, fanya vivyo hivyo kwa mikimbio iliyoruhusiwa, kisha gawanya namba ya kwanza kwa jumla ya namba zote mbili. Dodgers walifunga mikimbio 349 na kuruhusu 213. Zinapatikana 121,801 na 45,369, na mgawo wake ni takriban 0.729, ambao katika mechi 60 ni sawa na ushindi 43.7. Walishinda 43. Bahati haikuwaongezea kitu.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa Miami Marlins, timu iliyoshinda 31, ikapoteza 29, na kuingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2003. Ilifunga mikimbio 263 na kuruhusu 304, na kanuni inaipa ushindi unaokaribia 26 tu. Hata hivyo, tarehe 9 Septemba Marlins walifungwa na Atlanta Braves 29 kwa 9, na mechi hiyo moja inabeba karibu nusu ya pengo lote la mikimbio 41. Ukiiondoa, matarajio yanapanda hadi ushindi 27 hivi katika mechi 59. Jambo la pili ni kwamba korona iliingia kambini mwao mwishoni mwa Julai, msimu ukiwa na siku chache tu. Wakakaa takriban wiki nzima bila kucheza na wakarejea na kikosi kilichojaa wachezaji wa akiba. Mikimbio 304 iliruhusiwa kwa sehemu na watu ambao katika mwaka wa kawaida wasingevaa jezi ile, kwa hiyo anayeandika kwamba Marlins walibahatika tu atakuwa amesema nusu ya ukweli.

Takwimu za mchezaji mmoja mmoja zahitaji tahadhari zaidi. Juan Soto wa Washington aliongoza Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda MLB, kwa wastani wa kupiga wa 0.351, yaani mapigo salama 54 katika majaribio 154. Ondoa mapigo manne tu na wastani unaanguka hadi 0.325. Clayton Kershaw, mrushaji wa Dodgers, yaani anayewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani, aliruhusu wastani wa mikimbio 2.16, bila kuhesabu ile iliyotokana na makosa ya wenzake uwanjani, kwa kila awamu tisa, yaani urefu wa mechi ya kawaida, lakini alirusha awamu 58 na theluthi moja tu. Siku moja mbaya yenye mikimbio mitano ya ziada ingeupeleka wastani huo hadi 2.93, wakati mrushaji wa awamu 180 mwenye wastani kama huo angefika 2.41 kwa kosa lilelile. Kershaw hata hakutimiza kiwango cha kuorodheshwa miongoni mwa viongozi, ambacho ni awamu moja kwa kila mechi ya timu.

Kabla ya kulinganisha timu mbili, angalia zilicheza na nani. Ili kupunguza safari, kila timu ilicheza mechi 40 ndani ya kundi lake, la mashariki, la katikati au la magharibi, na 20 dhidi ya kundi la eneo hilohilo katika ligi ya pili. Dodgers, walio kundi la magharibi, hawakukutana na timu yoyote ya mashariki wala ya katikati kabla ya mtoano, na kuwapima kando ya New York Yankees kwa jedwali hilo ni kazi bure. Hata safu ya mechi za nyumbani isomwe kwa uangalifu: Toronto Blue Jays, walionyimwa ruhusa na serikali ya Kanada, walitumia uwanja wa Buffalo, jimbo la New York, kama nyumbani. Kanuni nazo zilibadilika. Mechi mbili za siku moja zilichezwa kwa awamu saba kila moja, na mechi iliyofungana baada ya awamu za kawaida iliendelea kwa kuweka mkimbiaji besi ya pili bure, utaratibu unaoongeza ubahatishaji.

Mtoano wa mwaka ule ulichukua timu 16 badala ya 10, na kwa Dodgers ni ushahidi wa ziada unaostahili kujumlishwa. Walicheza mechi 18, wakashinda 13. Dhidi ya Atlanta walikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa moja, katika mfululizo wa mechi saba zilizochezwa siku saba mfululizo bila mapumziko, hali inayoumbua timu yenye warushaji wachache, wakageuza. Kisha wakaishinda Tampa Bay Rays mechi nne kwa mbili huko Arlington, Texas. Jumla yao ikawa ushindi 56 katika mechi 78.

Mwisho, tazama miaka ya pembeni, kwa kuwa msimu mfupi hukaa katikati ya misimu mirefu. Marlins walishinda mechi 57 mwaka 2019 na 67 mwaka 2021, kila mara katika mechi 162. Dodgers walishinda 106 mwaka 2019, na 106 tena mwaka 2021.