Kabla hujapandisha antena juu ya nyumba

Anza kwa jirani. Muulize anayetumia antena ya juu, si mwenye dishi, anashika chaneli gani na antena yake imeelekea wapi. Muuza duka akikwambia lazima ununue "antena ya dijitali", kataa. Antena ya zamani ya UHF (masafa ya redio yanayobeba televisheni), kama ni nzima, inatosha. Kinachotakiwa kuwa cha dijitali ni televisheni au king'amuzi, tena cha DVB-T2, yaani mfumo wa dijitali unaopokelewa kwa antena. Na usisubiri chenga zikuonyeshe umekosea, kama enzi za analojia kabla haijaanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Sasa hivi picha inakuja safi, au inakatika vipande vipande na kupotea kabisa.

Waya uwe wa antena, ohm 75, kipande kimoja bila kiungo. Chumvi ya bahari hapa Mtwara inakula kila kilicho wazi, kwa hiyo maungio ya nje yazibe yasipitishe maji.

Sasa bomba la kusimamishia antena. Hapa nisikilize vizuri. Kabla hujalisimamisha, tazama umeme unapita wapi. Mtaani kwetu Mikindani vijana walikuwa wanainua bomba la chuma la mita 6, antena imeshafungwa kileleni. Waya unaotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani waliuona, wakasema uko mbali. Ulikuwa mbali na shina la bomba, si na ncha yake. Kusi ilikuwa inavuma. Bomba lilipofika nusu, upepo ukaisukuma antena, ncha ikalala kwenye waya ambao plastiki yake ilishapasuka kwa jua. Aliyeshika chini alinasa, hata sauti haikutoka. Mwenzake akataka kumvuta. Mama mmoja akapiga kelele asimguse. Bomba lilipoteleza lenyewe ndipo akaachiwa. Amepona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji mpaka leo.

Kwa hiyo pima chini kwa hatua. Bomba la mita 6 lisisimame ndani ya mita 9 kutoka waya wowote wa umeme. Nafasi ikikosekana, funga antena chini zaidi, ukutani, hata ukipoteza chaneli moja.

Upepo ukiwa mkali, ahirisha. Radi zikianza, chomoa waya wa antena kwenye televisheni mapema. Mabati yenye umande usiyapande, na watoto wasikae chini ya ngazi.