Kudumisha Usomekaji wa Rekodi za Zamani za FIFO katika Dolphin

Emuleta ya Dolphin, inayoiga GameCube na Wii, huweza kurekodi amri za michoro zinazotumwa na mchezo na kuzihifadhi katika faili la .dff (rekodi ya FIFO, yaani ya foleni ambayo amri hizo hupitia), ambalo baadaye huchezwa bila mchezo wenyewe. Ukitaka kuongeza taarifa mpya, usisogeze sehemu yoyote ya kichwa cha faili, yaani sehemu ya mwanzo inayoeleza yaliyomo: tumia nafasi iliyoachwa wazi mwishoni mwake, kisha pandisha namba ya toleo la faili. Namba ya pili, inayotaja toleo la chini kabisa la kisomaji (sehemu ya programu inayosoma faili) linaloweza kulifungua, iache ilivyo isipokuwa kama programu ya zamani ingelisoma faili jipya kimakosa; kuipandisha kwa mazoea tu ni kuwafungia watu mlango bila sababu.

Kazi hasa iko upande wa kusoma. Kila taarifa iliyokuja baadaye itanguliwe na ukaguzi wa toleo, na pale inapokosekana ijazwe thamani ya kweli, si sifuri. Ukubwa wa kumbukumbu, kwa mfano, uliingia katika toleo la 5. Kwa rekodi za kabla ya hapo, kisomaji huchukua ukubwa wa mashine zilizouzwa madukani, yaani megabaiti 24 kwa GameCube. Kisha cheza rekodi ya kila toleo, ukilinganisha picha zake na za awali pikseli kwa pikseli.