Maji ya kisima hayatoi povu? Kabla hujanunua softena (mashine ya kulainisha maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi) soma hii

Sie wa uwandani Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje mpaka Nungwi, visima vyetu vimo kwenye jiwe la matumbawe, na jiwe lile ni chokaa, mvua ikishuka inaliyeyusha kidogo kidogo ndo mana birika linafanya ukoko mweupe na hita inakufa kabla ya siku zake.

1. Onja maji kwanza. Yakiwa na chumvi ya bahari softena haikusaidii kitu, hiyo kazi ya mashine ya RO (inayochuja chumvi kwa kusukuma maji kwenye utando) na bei yake nyengine kabisa. Kila siku nakuta watu washauziwa softena wakiambiwa inatoa chumvi, jamani huo wizi wa mchana kweupe. Inatoa kalsiamu na magnesiamu, ndo zinazofanya maji magumu, inatia sodiamu badala yake, basi.

2. Chupa mbili, moja maji ya kisima moja ya mvua, katia sabuni ya mche (si ya unga, ile inatoa povu hata kwenye maji mabaya) utikise. Ya kisima yakifanya utando kama maziwa yaliyokatika, ni magumu. Halafu yapime, karatasi za kupimia zipo, ukipata zaidi ya miligramu 180 kwa lita hayo magumu sana.

3. Hapa ndo watu wanapopigwa: saizi. Lita 1 ya resini (zile chembe ndani ya softena zinazonasa ugumu) inashika kama gramu 50 za ugumu kabla hujaiosha kwa chumvi. Nyumba ya lita 600 kwa siku, ugumu miligramu 300 kwa lita, ni gramu 180 kila siku. Resini lita 25 inabeba 1,250, kwa hiyo weka ijioshe kila baada ya siku 6. Ukiuziwa kichupa cha lita 5 utakuwa unaosha kila siku.

4. Kufunga: pampu, filta ya mchanga, softena, ndo uende hita, bafuni na mashine ya kufulia. Usitegemee simtangi la juu ya bati, mita 3 hazikupi hata nusu bar (kipimo cha msukumo wa maji) na softena nyingi zinataka kama bar 2. Weka na koki ya kupitisha maji pembeni, siku ikiharibika msikae bila maji. Bomba la kunywa na la bustani litoe kabla ya softena, hasa nyumbani kukiwa na mgonjwa wa presha au mtoto wa maziwa ya kopo.

5. Chumvi tia ya chenga kubwa, safi, kama kilo 3 kila kuosha kwa hiyo ya lita 25. Ya shambani yenye tope rahisi kweli lakini inaziba kile kitundu kinachovuta maji ya chumvi. Maji machafu ya kuoshea yapeleke shimoni, migomba haiyataki.

6. Shawa ilokwisha ziba ifungue, iroweke usiku kucha kwenye siki au maji ya ndimu.

Rudia ile ya sabuni mara moja moja. Povu likipotea kabla ya siku ya kuosha, angalia chumvi kama imo, ikiwa imo fungua kitundu ukisafishe, usikimbilie kununua resini mpya.